Paka Aliyekataa Nyama Yangu

Kila nilipofagia baada ya chakula cha jioni, chini ya kiti cha mama mkwe nilikuta vipande vya nyama. Nyama yangu! Niliyoichagua mwenyewe buchani, nikazozana na muuza nyama mpaka akanikatia mnofu, nikaichemsha na tangawizi, nikaiunga kwa nyanya na kitunguu. Ilikuwa imelowa mate, imeng'atwa kidogo pembeni, kisha ikaachwa sakafuni.

Aliyeiacha nilimjua. Ni Bibie, paka wa mama mkwe, mweupe mwenye doa jeusi puani utadhani alichungulia sufuria likiwa jikoni. Aliyempa pia nilimjua. Mama mkwe alikuwa anangoja mume wangu azame kwenye taarifa ya habari, halafu mkono unateremka taratibu chini ya meza, na kipande kimekwenda. Alidhani sioni, mimi ninayeona vumbi juu ya kabati!

Basi nyumbani nilikuwa na wawili wasioitaka nyama yangu, na aliyeniuma zaidi ni yule wa miguu minne. Mtu anaweza kukukatalia chakula kwa maringo yake. Lakini paka? Paka anayekula mende?

Laiti mama mkwe angesema waziwazi kwamba sijui kupika, tungegombana yakaisha. Yeye alikuwa anashusha pumzi tu. "Leo sina hamu, mwanangu. Nipe mchuzi." Mchuzi mtupu kila siku, na nyama niliyomlazimishia ndiyo iliyoshuka chini ya meza. Hatimaye asubuhi moja, tukiwa kwenye chai, akatua kikombe na kumwambia mume wangu, "Nimeongea na dada yako. Jumapili ya mwisho wa mwezi anakuja kunichukua, nikakae kwake."

"Kuna nini tena, mama?" Mume wangu alimuuliza yeye, lakini macho alinitolea mimi.

"Hakuna kitu. Mtoto wao anaachishwa ziwa, nikawasaidie. Na chakula cha hapa kimenishinda."

Wifi yangu ana mdomo usiohitaji kipaza sauti. Kufikia Jumatatu ukoo mzima ungejua kwamba nimemfukuza mama yao kwa mapishi. Na hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba nilimpenda yule mama. Mchana mume wangu akiwa kazini, ni yeye niliyecheka naye, na ni yeye aliyenifundisha kumnyamazisha mume wangu kwa kumkoholea tu. Sikutaka aondoke.

Nikaamua kumpeleleza paka. Kama kosa lilikuwa kwenye viungo vyangu, nyama isiyopikwa angeila. Nikamkatia kipande kibichi, nikakiweka kwenye kisahani, nikachuchumaa kumtazama. Bibie alikuja mbio, mkia juu, analia kwa uchu. Akakidaka. Akainamisha kichwa upande, akatafuna mara moja, akakitema na kukipiga kofi kana kwamba kimemtukana mama yake.

Kumbe alitaka! Nikamnyanyua nimhoji ana kwa ana, naye akanifyonyea puani. Harufu iliyotoka mdomoni mwake sitaki kuielezea, kuna watu wanasoma wakila. Nikamfunua mdomo. Ufizi ulikuwa mwekundu, umevimba, na meno ya nyuma yamefunikwa na ukoga wa kahawia, mgumu kama ule unaoganda ndani ya birika.

"Mama! Paka wako anaoza mdomo!"

Mama mkwe akaja juu. "Asisingiziwe paka wangu! Wewe umemlisha nini?" Lakini alipomnusa mwenyewe, alikwenda kutafuta kikapu cha kumbebea.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikwaruzo mikononi na haraka zake. Alimfunua Bibie mdomo kwa kidole gumba. "Gego hili limeoza, tunaling'oa. Huu mwingine ni ukoga, tunausafisha. Huwa mnampiga mswaki?"

"Paka?" Mama mkwe aliniangalia kama ananiomba ushahidi.

"Paka, mbwa, wote. Mlikuwa hamjaona dalili? Anatafuna upande mmoja."

Nikamtazama mama mkwe.

"Anainamisha kichwa akila. Nyama anaiacha, anataka mchuzimchuzi."

Mama mkwe ghafla akavutiwa mno na picha ya ng'ombe iliyokuwa ukutani.

"Na hasemi," daktari aliendelea. "Wanaficha maumivu hawa, mpaka washindwe kabisa. Nyumbani mnadhani anaringa."

Mkono wa mama mkwe ulikuwa umeshapanda kwenye shavu la kushoto, bila yeye kujua. Mambo yote yalinijia kwa pamoja: mchuzi mtupu, mkono chini ya meza, zile pumzi.

"Ataumia?" mama mkwe aliuliza kwa sauti ndogo.

"Atalala. Akiamka, jino halipo."

"Na hilo pengo? Si ataonekana mzee? Nani atamheshimu?"

Daktari akamkazia macho. "Mama, huyu ni paka. Hachekei wageni."

Tulipomrudisha nyumbani tulikuwa na mswaki mdogo na dawa ya meno ya wanyama, maana hii yetu ya watu wanaimeza na inawadhuru. Ufizi ulipopona, tulianza kama tulivyoelekezwa, kwa kidole kilichozungushiwa shashi. Mama mkwe alimfunga Bibie kwenye taulo na kumbembeleza, mimi nikasugua. Paka alilalamika sana, kisha akateremka, akaenda kwenye kisahani na kula nyama yangu yote. Akalamba na kisahani. Nilitamani kumbusu.

Begi la mama mkwe lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni. Alilitazama, akamtazama paka.

"Kwa wifi yako," alisema polepole, "kwa sababu ya yule mtoto, kila kitu kinapondwa. Viazi vinapondwa. Nyama inasagwa."

Nikanawa mikono, nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana. "Mama, fungua mdomo."

"Usimwambie mume wako."

"Simwambii."

"Wala wifi yako."

"Huyo ndiye kabisa!"

Akafumba macho, akafungua mdomo. Ubovu ulikuwa palepale kama wa Bibie, kwenye gego la nyuma.

"Kesho tunakwenda," nilisema. "Kwa daktari wa watu."

"Utanishika?"

"Na taulo nitabeba."

Alicheka huku machozi yanamtoka, na mimi vilevile.

Jumapili ile wifi alipofika na kupiga honi, mama mkwe alikuwa sebuleni na pamba mdomoni, shavu limefura, hawezi kusema neno. Wifi akalishika begi. Mama mkwe akamnyang'anya, akalirudisha chumbani kwake na kufunga mlango kwa kishindo. Kisha akaja mezani, akakaa, akanisogezea sahani yake ya viazi na uma, nimpondee.