Dada wa Huduma na Vidole Sita

Ofisi ya maji ilikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Choo cha wateja kilifungwa kwa kufuli, choo cha wafanyakazi kilikuwa na pipa na kopo, na juu ya pipa Meneja alikuwa amebandika tangazo: MAJI NI UHAI. Humo alifanya kazi kijana mmoja ambaye wenzake walimwita Injinia. Uinjinia wenyewe aliupata siku alipochomoa pini iliyokwama kwenye printa. Tangu hapo chochote chenye waya kikigoma, aliitwa yeye, hata feni.

Kisa kilianza pale barua pepe ya mteja mmoja ilipolala kwenye sanduku la malalamiko mpaka mteja mwenyewe akahama mji. Aliyekuwa akizisoma barua hizo alikuwa amekwenda kujifungua, na hakuna aliyefikiria kumwachia mtu kazi yake. Meneja akaitisha kikao. Huyu Meneja alikuwa mtu wa methali moja, na aliitumia kwa kila jambo, kuanzia bajeti mpaka kusukuma gari.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. "Kuanzia leo, kila lalamiko likiingia lijipeleke lenyewe kwa watu sita. Mimi, Mhasibu, Mkuu wa Mafundi, Msoma Mita, dada wa mapokezi, na wewe Injinia. Likionwa na macho kumi na mawili, litakwama wapi?"

"Kumi na moja," alisema Mhasibu, ambaye jicho lake moja lilikuwa linasubiri operesheni.

Injinia alishinda na kompyuta kutwa nzima. Mfumo ulikubali kupeleka barua kwa anwani moja tu. Ukitaka sita, ilibidi utunge kanuni sita, moja kwa kila mtu, na kila mtu atumiwe namba ya kuthibitisha kwamba amekubali kupokea. Mhasibu alipoiona namba yake alidhani ni matapeli, akampigia simu Injinia kumwonya kwamba kuna mtu anajifanya Injinia. Mkuu wa Mafundi alisoma ya kwake akaruka tarakimu mbili, kama alivyozoea kuruka mitaa. Ilipofika jioni kanuni zote sita zilikuwa zinafanya kazi, na Meneja akapiga makofi.

"Kimebaki kitu kimoja," alisema. "Mteja ajibiwe papo hapo. Na iwe sauti ya kike, wanawake hutuliza."

Basi Injinia akatunga jibu la kujituma lenyewe: Mpendwa mteja, asante sana kwa kutuandikia. Tunathamini ujumbe wako na tumeshaanza kuushughulikia. Wako, Dada wa Huduma. Aliandika huku anakula karanga, na alipomaliza karanga alikuwa amemaliza na Dada.

Wiki haikuisha. Malalamiko yalimiminika, pamoja na matangazo ya magodoro, na kila moja likawafikia watu sita. Mkuu wa Mafundi ndiye aliyeanza kulia. Alimvizia Injinia kwenye ngazi.

"Ndugu yangu, hizi barua zinanifunika. Kwani Mhasibu naye si anaziona? Niwekee mahali zikae, nitazisoma nikitulia."

Injinia akamtengenezea folda, barua ziwe zinaingia humo moja kwa moja bila kumsumbua. Kesho yake Mhasibu akaja na ombi hilohilo, kwa sababu Mkuu wa Mafundi naye si anaziona? Wakaja wote, mmojammoja, wa mwisho akiwa Meneja, aliyesema yeye anataka tu mpangilio. Injinia akaona isiwe tabu, akajitengenezea na yeye. Ikawa barua ikiingia inagawanyika mara sita na kulala mara sita, na aliyebaki macho ofisi nzima ni Dada wa Huduma.

Sasa, Injinia alikuwa na mama, mwalimu mkuu mstaafu, aliyeishi peke yake ghorofa ya pili upande wa pili wa mji. Goti lake la kulia lilikuwa limestaafu kabla yake. Bomba lake lilipokauka alimpigia mwanawe, na mwanawe, akiwa katikati ya kutengeneza folda za watu, akamjibu, "Mama, andika barua pepe. Anwani iko kwenye bili. Ndio utaratibu." Mama alikuwa amemaliza ujana wake akifundisha watoto wa watu kufuata utaratibu. Akaandika. Hakumgusia tena habari hiyo, na Injinia akachukulia kwamba maji yamerudi.

Jumapili moja alipokwenda kumsalimia, mama alimpokea kwa tabasamu la mtu mwenye siri tamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa. Nimekupatia mke."

Injinia alikaa bila wasiwasi. Mwaka huo alikuwa ameshapatiwa wake wengine kadhaa, mmoja wao akiwa tayari ni mke wa mtu.

"Nani tena?"

"Mwenzako wa ofisini, na unanificha. Dada wa Huduma."

Injinia alicheka. Mama hakucheka.

"Mtoto ana adabu yule. Nikimwandikia, sijaweka simu chini kanijibu. Asante sana kwa kutuandikia, tunathamini ujumbe wako. Wewe umenijibu hivyo lini? Nakuandikia asubuhi, jioni unaniambia 'poa'."

Kicheko kikamkauka Injinia. Kando ya mlango wa jikoni palikuwa na ndoo mbili zilizofunikwa kwa sinia.

"Mama, maji bado hayatoki?"

"Wanashughulikia, ameniambia mwenyewe. Nachota kwa jirani wa chini mwenye kisima, ni mazoezi hayo." Aliinuka kwenda jikoni akishika meza, kisha kiti, kisha ukuta. "Kesho nakuja kumwona. Nimemfumia kitambaa cha meza."

Angeweza kusema palepale. Nafasi alikuwa nayo na mdomo alikuwa nao. Lakini mama alikuwa hajafurahi hivyo tangu astaafu, na Injinia hakuwa jasiri kwa kitu chochote kikubwa kuliko printa. Akajiambia atawahi ofisini, maji yatoke kabla mama hajafika, mengine yatajipanga.

Asubuhi alimfuata Mkuu wa Mafundi.

"Barua za mama yako? Si anazo Mhasibu?"

Mhasibu alisema mambo ya bomba ni ya mafundi. Msoma Mita alisema mahali pasipo na maji mita haizunguki, kwa hiyo hapamhusu. Meneja alisema ameziona zote na ziko katika hatua nzuri. Walikuwa bado wanarushiana mpira pale mapokezi wakati mama alipotokea mlangoni, anahema, amevaa viatu vyake vya kutokea, kifurushi kwapani.

"Hamjambo. Namuulizia Dada wa Huduma."

Dada wa mapokezi akamtazama Meneja.

"Yuko likizo," alisema Meneja.

"Yuko semina," alisema Mhasibu wakati huohuo.

"Semina iko hukohuko likizoni," Meneja akaunganisha.

Mama aliwatazama kama alivyowatazama watoto waliodai kazi ya nyumbani imeliwa na mbuzi. Injinia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Mama, hayupo," alisema. "Hajawahi kuwepo. Ni kompyuta inayojibu. Yale maneno niliyaandika mimi."

Mama akatafuta kiti, akakaa, akaweka kifurushi mapajani.

"Na barua zangu alisoma nani?"

"Zilikuwa zinakwenda kwa watu sita."

"Ni akina nani? Nyosheni mikono."

Walinyosha. Meneja alinyosha wa mwisho, nusu, kama mtu anayejikuna sikio.

"Katika ninyi, nani alizisoma?"

Mikono ikashuka. Meneja akakohoa akaanza kueleza kwamba mpango wenyewe ulikuwa mzuri, ni wa ushirikiano, maana wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

"Vidole sita," alisema mama, "na chawa bado anatembea." Akamgeukia mwanawe. "Ifungue ya mwisho. Soma kwa sauti."

Injinia akaifungua folda yake kwenye kompyuta ya mapokezi. Barua za mama zilikuwa zimepangana humo, zote zikiwa na alama ya kutosomwa.

"Dada mpendwa," alisoma, "asante kwa kunijibu tena. Maji bado, lakini najua mnashughulikia. Nina ombi moja. Hapo ofisini kuna kijana wangu, nasikia mnamwita Injinia. Usimwambie kwamba nabeba ndoo. Huyo ni mtoto ambaye hawezi kujua mama yake anateseka akanyamaza."

Akaishia hapo.

"Endelea."

"Imeisha, mama."

"Haijaisha. Mimi ndiye niliyeiandika."

"Nisalimie wote hapo ofisini," alisoma Injinia. "Mnafanya kazi nzuri."

Mkuu wa Mafundi alitoka bila kuaga, na waliosimama dirishani walimwona anatupa spana kwenye gari. Mama naye akainuka, akashika kaunta, kisha mlango. Injinia alipotaka kumshika mkono alimwambia ngazi ameshazizoea. Kitambaa cha meza aliondoka nacho.

Tatizo lilikuwa koki ya mtaa. Fundi aliifunga wakati wa matengenezo, akasahau kuifungua, na nusu ya mtaa wakakaa wakiandikiana na Dada wa Huduma. Kuifungua kulichukua muda mfupi kuliko kuisoma barua moja.

Mchana huo Injinia alifuta kanuni tano, akabakiza ya kwake, na folda akaifuta pia. Kisha akamfuta Dada wa Huduma. Meneja aliuliza kama kidole kimoja kitaweza.

Barua ya kwanza iliyomfikia Injinia ilikuwa ya mama.

"Kwa anayehusika. Maji yametoka. Machafu kidogo, lakini ni maji."

Injinia aliandika jibu akafuta, akaandika jingine akafuta. Kumbe kumjibu mtu ni kazi. Mwishowe alituma haya: "Mama, nimeipata, na nimeisoma. Nisamehe. Goti linaendeleaje?"

Jibu lilikuja baadaye kidogo.

"Umechelewa. Yule dada angekuwa ameshanijibu zamani. Lakini goti hakuwahi kuliuliza. Linauma, baba. Muda mrefu sasa linauma."