Alisahau Kuniambia Nipumue

Nimeendesha basi la jiji hapa Cleveland miaka thelathini na moja, kwa hiyo kukaa kitini bila kutikisika ni kazi ninayoiweza. Nilipostaafu nikaanza kukaa mbele ya wachoraji wanichore, kila Jumamosi asubuhi, kwenye chumba cha chini cha kanisa la Waslovakia. Wananipandisha jukwaani, wanabandika utepe kuzunguka viatu vyangu ili nikitoka kunyoosha mgongo nirudi palepale, basi. Sisumbui mtu.

Aliyenisumbua ni Marcelline Hudak, miaka hamsini na tisa. Ujanani alisomea kuchora watu, akaacha mwaka wa pili baba yake alipougua, akaenda kupiga eksirei hospitalini miaka thelathini na minne. Sasa alikuwa ameomba likizo ya mwaka mmoja arudie brashi. Hospitali ilimshikia nafasi yake hadi Ijumaa ya mwisho ya Oktoba. Asipochaguliwa kwenye maonyesho ya vuli, alisema, atarudi kwenye mashine zake na rangi hatagusa tena. Nilimwamini, maana mama huyu hana mzaha na maneno yake.

Na picha zake, jamani, zilikuwa mbovu. Mifupa yote mahali pake, vidole sawasawa, lakini mtu mwenyewe ni maiti iliyovalishwa koti langu. Maonyesho ya masika walimkatalia tatu kwa mpigo.

"Odell, uso wako mgumu," akaniambia Jumamosi moja ya Septemba.

"Uso huu umevumilia abiria wa Cleveland, bibie. Ulitaka uwe laini?"

"Haya, kidevu juu kidogo. Vuta pumzi. Ishikilie hapohapo."

Nikaishikilia. Mwaka mzima nilikuwa nikiishikilia kila alipoanza, kisha naiachia kwa wizi. Siku hiyo nilikuwa na mafua. Kifua kikanibana, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka.

"Wewe mama utaniua," nikamwambia, hasira zimenipanda. "Kila Jumamosi unaniamuru nishike pumzi, na hujawahi hata mara moja kuniambia niiachie. Mimi mtu au mbavu?"

Marcelline akabaki na brashi hewani. "Mimi nasema hivyo?"

"Kila siku," akadakia Bi Teresita, anayechora karibu na dirisha. "Sisi tulidhani ndio mtindo wako."

Miaka thelathini na minne amewaambia wagonjwa vuta, shikilia, usitikisike, picha isije ikatoka na ukungu. Ulimi ulishazoea, na mkono nao ukafuata ulimi. Akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akageuza turubai likatazama ukuta na kuweka jipya.

"Pumua, Bwana Odell. Kohoa ukitaka. Piga soga."

Kwa soga alimpata mwenyewe. Nikamsimulia yule abiria aliyepanda na keki ya harusi akashuka bila keki, na ugomvi uliofuata. Mabega yangu yakawa yanapanda na kushuka, naye anachora, anafuta kwa kitambaa, anachora tena, ananitukana nisogee, ananitukana nisisogee. Jumamosi nne tulikwenda hivyo. Ya mwisho nikashuka kuangalia. Pale palikuwa na mzee ambaye amefungua mdomo kusema kitu, koti limevutika kwenye kifungo cha pili kwa pumzi iliyomjaa. Niliona haya kujitazama.

Picha hiyo ndiyo aliyoipeleka kwenye maonyesho ya vuli, na orodha ilibandikwa Ijumaa ileile ya mwisho ya Oktoba, saa nne asubuhi, kwenye mlango wa jumba la maonyesho. Walioomba mia tatu, waliochukuliwa thelathini. Marcelline akaketi chini kwenye ngazi, nikaenda mimi na miwani yangu. Namba kumi na nne, Hudak. Nikaisoma mara tatu, ndipo nikamwita kwa sauti niliyokuwa nikiitia vituo. Nilifurahi hata aibu sikuona. Akaja akaweka kidole juu ya jina lake, asikiondoe.

Simu yake ikaita. Alikuwa msimamizi wa hospitali, mwenye sauti inayosikika hatua tano.

"Marcie, nakupangia ratiba. Jumatatu unaingia asubuhi au mchana?"

"Siingii. Mpeni mwingine nafasi yangu."

"Kwani unaumwa?"

"Hapana," Marcelline akasema, kidole kingali mlangoni. "Nipo kazini."