Kisu Kisichotaka Kucha

Baba Mapacha alikuwa na kisu cha kukunja alichotembea nacho mfukoni miaka ishirini na sita, na mtu asikudanganye: ukiondoa mkewe na wale mapacha wenyewe, ambao sasa walikuwa na ndevu na nyumba zao, hakukuwa na kitu alichokipenda kama kisu kile. Mpini wake mweusi ulikuwa umelainika kwa kushikwa, na bapa lilikuwa limenolewa na kunolewa tena mpaka likapungua nusu. Yeye alikuwa fundi wa makochi. Kisu ndicho kilichochana kitambaa cha zamani, kikakata uzi, kikachonga sponji kwenye kona, na ikifika saa nne, ndicho kilichomenya chungwa. Katika karakana yao kila mtu alikuwa na chake, na kuazima kisu cha mwenzako kulionekana sawa na kuazima mswaki wake.

Taabu ilikuwa vidole. Kwa mwaka mzima na zaidi, vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinakakamaa polepole. Kushika mkasi aliweza, kuvuta kitambaa aliweza. Lakini kufungua kisu, pale unapotia ukucha wa dole gumba kwenye kijishimo cha bapa ukavuta, wapi! Ukucha uliteleza, dole likauma, na kisu kikabaki kimefunga mdomo wake kama kimegombana naye.

Sasa mtu mwingine angesema tu, jamani, vidole vinanisumbua. Baba Mapacha? Thubutu! Zamani karakana ile ilikuwa na mafundi watatu. Wa tatu, fundi mbao, alipoanza kuangusha nyundo, shemeji yake Baba Mapacha, mdogo wake Mama Mapacha na ndiye mshirika wake wa kazi, alimletea kiti kizuri chenye mto, kwa roho safi kabisa, akakiweka mlangoni. "Kaa hapa kaka, upokee wateja." Miezi miwili haikupita, fundi mbao akawa haji tena kazini. Kiti kilibaki palepale mlangoni, na Baba Mapacha alikipita kila asubuhi akikiangalia kwa jicho la pembeni. Aliapa moyoni kwamba makalio yake hayatakigusa.

Kwa hiyo akatafuta ujanja. Alinunua kiberiti, akawa anachomeka kipande cha njiti kati ya bapa na mpini, ili kisu kisifunge hadi mwisho. Ule mwanya mdogo ulitosha kuingiza nyama ya dole, na kisu kikafunguka bila ukucha. Ujanja ulifanya kazi, ila njiti zilivunjika ovyo, na mfuko wa suruali ukawa daima una kiberiti na vijiti vyake.

Na nani anayefua suruali? Mama Mapacha.

Jumamosi moja alimjia uani, kiberiti kiko kwenye kiganja, macho makavu.

"Hii nini?"

"Kiberiti."

"Naona ni kiberiti, sijauliza jina lake. Umeanza tena?"

Hapo inabidi ujue habari ya mkataba. Miaka kumi na moja iliyopita Baba Mapacha alikuwa anavuta sigara kama bomba la kiwanda, na Mama Mapacha alikuwa anakunywa chai yenye sukari vijiko vitatu ingawa daktari alikwishamkataza mara mbili. Wakakubaliana: yeye aache moshi, mkewe aache sukari, na wa kwanza kurudi nyuma amempa mwenzake ruhusa. Miaka kumi na moja hakuna aliyerudi.

Baba Mapacha alifungua mdomo aseme ukweli. Akakiona kile kiti cha mlangoni, kama kiko pale pale uani. Akasema, "Moja moja tu, mke wangu. Mawazo ya kazi."

Heri aitwe mvutaji kuliko aitwe mzee. Ndivyo alivyoamua, kichwa chake kilivyo kigumu.

Mama Mapacha hakugomba. Aliingia jikoni, akajimiminia chai, akatia kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, akakoroga taratibu huku akimtazama mumewe usoni. Akaonja. Akafumba macho.

"Aisee," alisema, "nilikuwa nimesahau."

Tangu siku hiyo ikawa hivyo asubuhi na jioni, vijiko vitatu, na kila kijiko kilimchoma Baba Mapacha rohoni, maana daktari hakuwa amebadili maneno yake. Lakini alijikaza. Na cha ajabu, pamoja na ugomvi ule wa kimyakimya, mkewe hakuacha ile desturi yake mpya, aliyoianza mwaka uliopita, ya kusimama naye mlangoni kila asubuhi na kumfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, kuanzia chini. Baba Mapacha alikuwa akijisifu nayo karakana nzima. "Mapenzi yetu yamerudi ujanani," angesema, na shemeji yake angeziba masikio. "Shemeji, huyo ni dada yangu! Nihurumie!"

Kilichomtoa Baba Mapacha kwenye ujanja wake kilikuwa kochi la mteja. Walikuwa wamelimaliza, kazi nzuri, na akaketi kulijaribu. Kile kisu kisichofunga hadi mwisho kikafunguka mfukoni, ncha yake ikapenya kitambaa cha suruali ikamdunga paja. Aliruka na ukelele.

"Springi imetoka!" shemeji yake akasema, akashika kichwa. "Tumeacha springi nje!"

Angejibu nini? Aliunga mkono kwamba ndiyo, ni springi. Wakafumua kochi zima, saa tatu za kazi, shemeji akitafuta springi iliyochomoza, Baba Mapacha akimsaidia kuitafuta huku paja linamwasha na dhamiri inamwasha zaidi. Hawakuipata, bila shaka. Wakati wanashona upya alikata shauri: kesho atanunua kisu kipya.

Duka lilikuwa la makufuli, tochi na visu, na mwenye duka alikuwa mwanamke mnene aliyepandisha miwani kwenye paji la uso.

"Karibu, mzee wangu."

"Mimi ni fundi," alisema Baba Mapacha.

"Karibu, fundi wangu. Wataka kisu cha kazi gani?"

"Cha kukaa mfukoni kila siku. Uzi, kitambaa, sponji. Na chungwa."

Mwenye duka alianza na kimoja kikubwa, bapa jeusi lenye meno kama msumeno. Baba Mapacha alikirudisha bila kukijaribu. "Dada, mimi nashona makochi, siyachinji." Mwenye duka akacheka, akaleta kidogo chenye mpini mwekundu. Hiki kilikuwa kizuri, kinakaa mkononi, chepesi. Baba Mapacha alitia ukucha kwenye kijishimo, akavuta. Kimya. Akavuta tena, uso umekaza, kisha akakiweka mezani kwa upole.

"Rangi," alisema. "Nyekundu siipendi."

"Wapenda ipi?"

"Nyeusi."

Akaletewa cheusi, ukubwa uleule. Ukucha ukateleza mara mbili. Jasho likamtoka nyuma ya shingo.

"Hii nyeusi imezidi," alisema.

Mwenye duka aliteremsha miwani yake akamtazama, si usoni, bali doleni. Baba Mapacha akaficha mkono chini ya meza. Alikuwa tayari kuondoka, na angeondoka kweli, ila yule mwanamke alimpa mgongo akawa anapekua rafu za nyuma kama mtu aliyepoteza ufunguo, akaongea na ukuta.

"Kuna kimoja hapa, watu hawakitaki. Bapa lina tundu. Wananiuliza kama kimeharibika. Hebu kitazame tu, hununui."

Akakiweka mezani na kurudi kwenye rafu zake, mgongo uleule.

Kilikuwa kisu cha kawaida, mpini wa kijivu wenye mikwaruzo ya makusudi ili usiteleze, urefu wa kiganja. Karibu na mpini, bapa lilikuwa na tundu la mviringo, na tundu hilo lilibaki nje hata kisu kilipofungwa. Baba Mapacha aliweka nyama ya dole juu yake. Hakutumia ukucha wala nguvu. Alisukuma, na bapa likazunguka likakaa. Tak!

Alikaa akiliangalia. Alitamani kucheka.

"Kukifunga," mwenye duka aliuambia ukuta, "kuna kitufe pembeni, unakivuta nyuma kidogo."

Alikivuta. Kikafunga. Akafungua tena, akafunga, akajaribu mkono wa kushoto, ukaweza nao. Alipofika mara ya tisa ndipo alipokumbuka kwamba yeye ni mnunuzi na anapaswa kuonekana mgumu.

"Chuma chake je?"

"Hakishiki kutu upesi, na kikiwa butu unakinoa kwa jiwe hilohilo ulilonalo nyumbani."

Akatoa kipande cha uzi mfukoni, akakata. Ukakatika kabla hajaona. Akakitumbukiza kisu mfukoni, akachuchumaa, akainuka, akatembea hatua tano za duka zima. Hakikumdunga, hakikumlemea.

"Nakichukua," alisema. "Hata rangi si mbaya."

"Ya kijivu inakupendeza, fundi wangu," alisema mwenye duka, na safari hii aligeuka.

Alifika nyumbani mapema, jua bado kali, akitembea kama aliyepandishwa cheo. Mpango ulikuwa safi: atasema ameacha sigara, mkewe ataacha sukari, na jambo litakwisha bila mtu yeyote kutaja vidole. Mama Mapacha alikuwa mezani na kikombe chake.

"Mke wangu, nimeacha. Moja kwa moja. Hata kiberiti nimekitupa."

"Hongera," alisema, akatia kijiko cha kwanza.

"Sasa sukari je?"

"Sukari?" Kijiko cha pili. "Wewe umevuta miezi mingapi kwa siri? Sema miwili. Mimi nina wiki mbili tu. Nikifikisha miezi yangu miwili ndipo tutakuwa sawasawa." Kijiko cha tatu. "Haki ni haki, Baba Mapacha."

Alimtazama akikoroga. Aliwaza juu ya miezi hiyo, asubuhi na jioni, na uso wa daktari, na akaona kwamba anamlisha mkewe sumu kwa mkono wake ili yeye asikalie kiti. Akaketi. Akatoa kisu cha zamani akakiweka mezani, na kando yake njiti moja iliyobaki kwenye mshono wa mfuko.

"Sikuvuta hata moja," alisema.

Akaeleza yote: njiti, ukucha, paja, springi isiyokuwapo, fundi mbao na kiti chake. Hakumwangalia mkewe. "Mikono yangu inakwisha, Mama Mapacha. Niliogopa mtaniketisha."

Mama Mapacha aliiokota ile njiti, akaigeuzageuza.

"Hayo ya njiti sikuyajua," alisema. "Lakini mikono? Unadhani vifungo vyako navifunga kwa nini?"

"Mapenzi," alisema Baba Mapacha.

"Mapenzi!" Alicheka, na machozi yakamtoka hapohapo. "Mwaka jana nilikuona chumbani, umesimama mbele ya kioo robo saa nzima, unapigana na kifungo kimoja. Unakitukana, unaanza upya. Nikarudi jikoni, nikalia, nikanawa uso. Kesho yake nikakungoja mlangoni. Ningekuambia nini, na wewe ulivyo?"

Baba Mapacha aliona aibu, na chini ya aibu akaona raha kubwa, kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana. Mkewe aliushika ule mkono, akaukunjua vidole kimoja kimoja, akauweka kwenye kiganja chake.

"Hebu nikione hicho kipya," alisema.

Akakitoa. Dole juu ya tundu. Tak!

"Tena."

Tak!

"Kumbe!" alisema Mama Mapacha, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akakitazama kikombe cha chai mbele yake, na uso ukambadilika. "Ina maana wewe hukuvunja mkataba. Mimi ndiye niliyeuvunja."

"Wiki mbili," alisema Baba Mapacha. "Vijiko vitatu, mara mbili kwa siku."

"Nyamaza." Akaimaliza chai yote mpaka chini, maana kumwaga sukari hakukuwa katika tabia yake, akalamba kijiko, kisha akamsukumia kopo la sukari. "Mpelekee jirani kabla sijabadili mawazo."

Asubuhi iliyofuata alimkuta mkewe mlangoni kama kawaida. Mfuko wa Baba Mapacha ulikuwa na kisu cha kijivu na chungwa, hakuna njiti.

"Leo namwambia mdogo wako," alisema. "Habari ya vidole, na ya ile springi. Atanitukana."

"Akutukane tu, umefumua kochi la watu. Na kile kiti mkiuze." Alikuwa amefika kifungo cha tatu.

"Hivi, Mama Mapacha. Hivi vifungo vya leo ni vya huruma au ni vya mapenzi?"

"Simama wima, unanichelewesha," alisema. Akafunga cha nne, na cha mwisho, kile cha shingoni, ambacho mumewe hajawahi kukifunga maishani mwake. Akakitazama, akakifungua tena, akakifunga upya, polepole, na hakuwa na haraka yoyote.