Kitanda cha Kefa Mlangoni

Januari 1997, Fausta alimshinda mdogo wake Kefa katika shauri la nyumba ya marehemu baba yao, hapa Tunduma, nyuma ya foleni ya malori. Kefa akakata rufaa na kugoma kuhama. Basi Anania, dalali wa mahakama, akaja na wapagazi wawili kumtoa.

Walikuwa wamekifikisha kitanda mlangoni, nusu ndani nusu nje, karani wa mahakama ya wilaya aliposhuka kwenye baiskeli akipunga karatasi.

"Acheni! Hakimu amesimamisha utekelezaji." Akasoma: "Kila kitu kibaki kama kilivyo hadi rufaa isikilizwe."

Anania akakiachia kitanda kama aliyeshika kaa la moto.

"Kirudisheni ndani basi," Kefa akasema.

"Kama kilivyo, mzee. Nikikirudisha nimevunja amri."

"Basi kitoeni!" Fausta akadakia.

"Nikikitoa pia nimevunja."

Wakaenda zao. Mlango haukufungika tena. Kefa akawa analala hapohapo, kichwa sebuleni, miguu uani. Wageni walivua viatu wakapita juu ya godoro. Fausta, aliyepanga nyumba ya jirani, alikuja kila asubuhi na futi kupima kama kitanda kimesogezwa.

Februari shauri liliahirishwa kwa kuwa jalada halikuonekana. Machi jalada likaonekana, hakimu yuko semina.

Aprili mvua ikanyesha mchana kutwa, Kefa akiwa hoi kwa malaria. Fausta alikuta miguu ya mdogo wake imelowa chapachapa. Akasimama, akaguna, akaenda kuleta turubai.

"Umegusa kitanda, dada," Kefa akanong'ona.

"Nimefunika miguu. Miguu haimo kwenye amri."

Kesho yake akaleta uji, akaketi pembeni ya miguu ile. Ndipo wakazungumza habari za baba yao, mara ya kwanza tangu wamzike.

Juni rufaa ikaitwa. Fausta akasema wamepatana: yeye vyumba vya mbele, Kefa vya nyuma.

"Kimebadilika nini?" hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, nimeitazama miguu ya huyu miezi mitano. Ni ya baba kabisa."

Hakimu akaandika mapatano, akafunga jalada. Jioni hiyo wakamwita Anania aje akiingize kitanda. Akaweka mikono nyuma, akakataa hata kukisogelea mpaka aone karatasi yenye mhuri.

Karatasi ilichukua wiki tatu.