Mhimili Ulioanzia Sifuri

Nyumbani walimwita Rula, kwa sababu tangu utotoni hakuweza kuona picha imepinda ukutani akanyamaza. Ofisini, kwenye idara ya takwimu, jina hilo lilikuwa sifa: hakuna aliyechora grafu safi kumshinda, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Basi Mzee wao alipoanza kuugua, daktari akaagiza apimwe uzito kila Jumapili. Mama akashika mizani, Rula akashika grafu.

Grafu ile ilikuwa na msomaji mmoja hasa: kaka yake mkubwa, fundi wa mitambo kwenye mgodi wa mbali. Kaka na Mzee walikuwa hawasemezani tangu Kaka alipokataa kurithi cherehani ya baba yake. Hakumpigia Mzee simu hata siku moja. Lakini kila Jumapili alimwandikia Rula: "Nitumie mstari." Na alishasema, "Ukiona unashuka niambie, mdogo wangu. Naacha kila kitu, nakuja kumpigia magoti. Ila asipokuwa mgonjwa kweli, atanifukuza kwa mkasi."

Mwanzoni Rula aliiacha programu ijipangie. Mhimili wima ukaanzia sitini ukaishia sabini, gridi ikajaa, kila kilo na mstari wake. Mama akachungulia, akashika mdomo.

"Mwanangu, mbona anateremka kama anatumbukia kisimani?"

"Ni kilo mbili tu, Mama. Programu ndiyo inayokuza."

"Basi iambie isikuze! Nikiona hivi chakula hakipiti. Na huyo ndugu yako ukimtumia hii, si atazimia juu ya mtambo?"

Rula akacheka, akabofya. Mhimili akauanzishia sifuri, akaupandisha hadi mia na hamsini. Tarehe za kila wiki akazipunguza, zikabaki za mwezi. Gridi akaifuta yote, ukurasa ukawa mweupe kama shuka lililopigwa pasi, na mstari wa Mzee ukalala hapo katikati, umetulia. Namba hakuigusa hata moja. Angeweza kula kiapo, na hicho ndicho kilichompa kiburi.

"Enhe," Mama akapumua. "Huyu sasa ndiye mume wangu."

Jibu la Kaka lilifika kabla chai haijapoa: "Mzee chuma! Huyo atatuzika sisi."

Grafu zikaendelea kwenda hivyo hivyo, Jumapili kwa Jumapili. Mzee, fundi mpaka mwisho, akawa anaipunguza kiunoni suruali yake mwenyewe, akiwa amekaa kitandani na sindano mkononi, akitania kwamba mteja huyu hatulii na kipimo. Jumapili moja akauliza bila kuinua macho, "Yule bingwa wa mitambo hana likizo?"

"Nimwambie umemuulizia?"

"Mwambie." Akavuta uzi. "Hapana, usimwambie. Atajiona kanishinda."

Jumapili ile Rula alikaa mbele ya kompyuta, mkono juu ya kipanya. Alitaka kuurudisha mhimili ulikokuwa. Lakini mstari uliolala miezi yote ungeporomoka ghafla, na angeulizwa zile za nyuma zilikuwaje. Yeye, Rula, aulizwe grafu! Wiki ijayo, akajiambia. Akatuma ile ile.

Mzee hakuifikia wiki hiyo.

Kaka alifika kaburi limeshafunikwa. Wageni walipotawanyika, aliingia chumbani kwa Mzee, akaikuta suruali kwenye msumari nyuma ya mlango. Akaipindua ndani nje. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani. Alipitisha kidole gumba kiunoni, mshono baada ya mshono.

"Hii imepunguzwa mara tatu," akasema. "Rula, nionyeshe ule mstari."

Rula akafungua kompyuta. Hakungoja kuambiwa. Akaondoa sifuri, akaondoa mia na hamsini, akairudisha gridi na tarehe za kila wiki. Mstari ukainuka kushoto, kisha ukashuka kulia ngazi kwa ngazi bila kupumzika.

"Namba ni zile zile, Kaka. Sikubadilisha…"

"Najua. Kiapo chako kizima." Kaka alikuwa anafuata ngazi kwa kidole. Katikati ya mteremko akasimama. "Hapa tulipewa mapumziko, mtambo uliharibika. Wenzangu wakaenda makwao. Mimi nikasema Mzee chuma, nikalala. Nililala tu, Rula, hata kufua sikufua."

Nyayo za Mama zikasikika ukumbini, akasimama mlangoni na kanga begani.

"Mnatazama nini, wanangu?"

Kaka akakiweka kiganja chake juu ya kioo upesi.

"Hamna, Mama. Mdogo wangu ananionyesha kazi yake."

"Ana mkono mzuri huyo," Mama akasema. "Grafu zake zilikuwa zinanituliza."

Kilikuwa kiganja kipana, cha mtu wa mitambo, lakini hakikutosha. Chini ya kidole kidogo, mwisho wa mstari ulikuwa bado unaonekana, na Rula hakuweza kuutazama wala kutazama kando.