Mtetemo wa Panga la Tatu

Mimi sipendi kuambiwa "mashine imesema." Mashine haisemi, inatetemeka tu. Kusema ni kazi yangu. Nakaa ofisini naangalia kwenye kompyuta mitetemo ya vinu vya upepo, inayoletwa na vihisi tulivyobandika ndani ya kila panga linalozungushwa na upepo.

Basi kinu kimoja kikaanza vituko. Panga la tatu likawa linatetemeka polepole kuliko mawili mengine. Na ndilo panga ambalo wifi yangu, dada wa mume wangu, fundi wa kupanda vinu kwa kamba, alikuwa ametoka kuliziba ufa. Bosi hakuuliza wala nini.

"Kalipua kazi. Ufa umefunguka. Arudishe kibali cha kupanda."

Bila kibali wifi si fundi tena. Nikachemka. Mdomo wake mrefu, sikatai, lakini mkono wake naujua. Nikarudi kwenye michoro. Mtetemo ulishuka, ukatulia, ukashuka tena, ukatulia. Kwa nini kwa vipindi? Nikalinganisha na siku za mvua, zikaoana. Ajabu! Ufa una habari gani na mvua? Lakini panga likiongezeka uzito nalo hutetemeka polepole.

Nikampigia. "Wifi, mle ndani kuna maji."

"Yapite wapi? Nimeziba hata sisimizi hapenyi."

"Hapo ndipo panaponitatiza. Panda ukaangalie."

Kinu kikasimamishwa, panga likaelekezwa chini, naye akateremka kwa kamba. Mimi na bosi tulikuwa chini na redio. Akakagua ufa kwanza: mzima kabisa. Akafika nchani, penye kitundu cha kutolea maji. Kisha tukasikia drili ikikizibua, na maji yakamwagika mpaka kichwani kwa bosi.

Bosi akajifuta uso. "Kitundu kilizibwa na nini?"

Nilikwishakisia ukweli, lakini neno "uchafu" lilikuwa tayari ulimini. Nani angejua? Redio ikaniwahi.

"Na mimi, bosi. Nilikipaka rangi. Nilitaka panga lote ling'ae."

Nikaumeza uongo wangu, na haya zikanishika. Bosi akamtazama yule mwanamke anayening'inia kule juu.

"Shuka upumzike," akasema. "Kisha upande na kile kinu cha pili. Si ulipaka rangi na kule?"