Uraia wa Chiriku

Mimi na Chiriku tulizaliwa wiki moja, wodi moja, na kwa miaka kumi na minane hakuna aliyeweza kututenganisha. Mama yake ni shangazi yangu, dada wa baba, tumbo moja. Jina la Chiriku alipewa na babu kwa sababu alianza kusema kabla hajatembea, na akishaanza hazimiki.

Baba yangu alioa nchi jirani. Kwenye harusi hiyo shangazi naye akaonana na kijana mmoja mpole, fundi saa, rafiki wa wajomba zangu, na mwaka uliofuata wakaoana. Fundi Saa alihamia kwetu na sanduku moja la nguo na matatu ya vifaa. Kwa hiyo mimi nina baba wa hapa na mama wa kule. Chiriku ana mama wa hapa na baba wa kule. Tulikuwa hatujaona tofauti yoyote hadi siku tulipokwenda kuomba vitambulisho vya taifa.

Mimi nilimalizana nao upesi. Nilipiga picha, nikatia kidole kwenye wino, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Chiriku alipofika dirishani karani alikisoma cheti chake cha kuzaliwa mara mbili.

"Baba yako ni mtu wa wapi?"

Chiriku akamwambia.

"Basi huyu ni mgeni."

"Mgeni?" Chiriku akacheka, akidhani ni utani. "Kaka, mimi sijawahi hata kuuona huo mpaka."

"Mtoto hufuata baba. Ndivyo sheria inavyosema."

Shangazi alikuwa nyuma yetu. Akasogea mpaka pua yake ikagusa kioo. "Mwanangu, huyu alikaa tumboni mwangu miezi tisa. Huko alikuwa anamfuata nani?"

Karani hakuwa mtu mbaya. Alicheka kidogo, akalirudisha faili, akaita, "Anayefuata!" Mimi nikabaki na wino kwenye kidole, naona aibu kama niliyeiba kitu.

Chiriku alitaka kuwa mkunga tangu utotoni. Mkuu wa chuo cha uuguzi alimpokea hivyo hivyo, akisema karatasi zitapatikana mbele ya safari. Hazikupatikana. Alimaliza wa pili katika darasa lake, akapeleka maombi ya leseni, na baraza la wauguzi likamjibu kwa mistari miwili: asiye na kitambulisho cha taifa hasajiliwi. Akarudi nyumbani, akashika pasi.

Shangazi ni dobi. Ana chumba kimoja mkabala na kituo cha polisi, chenye meza mbili zilizotandikwa mablanketi yenye makovu ya moto, ndoo za wanga, na nguo zinazoning'inia mpaka mlangoni, kila moja na kijikaratasi cha namba. Wateja wake wengi ni watumishi wa serikali, wakiwemo wale wa ofisi ya vitambulisho. "Kola zao nazijua kuliko wake zao wanavyozijua," alikuwa akisema, "na hakuna hata mmoja niliyewahi kumwunguzia. Mungu ananiona ninavyojizuia." Kilichomuuma ni sare nyeupe. Wauguzi wa hospitali walikuwa wakileta sare zao pale, na miongoni mwao walikuwemo wasichana ambao Chiriku aliwafundisha chuoni, kwa mikono yake, jinsi ya kupapasa tumbo na kujua mtoto amelalaje. Sasa anawanyooshea mikunjo.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Siku moja aliingia mteja tuliyemwita Mama Wakili, kuchukua joho lake la mahakamani. Akamkuta Chiriku anapiga pasi, kitabu cha ukunga kimeegemezwa kwenye ndoo ya wanga.

"Unajiandaa na mtihani?"

"Mtihani nilishafaulu, mama. Nasoma nisisahau."

Mama Wakili alisahau joho. Aliketi juu ya furushi la mashuka akauliza yote, tangu mwanzo. Kumbe yeye na wenzake walikuwa wamepigania ile sheria ya uraia ibadilishwe kwa miaka tisa. Maombi yao mawili yalishatupwa. Wabunge walikuwa wanawaambia kwamba hilo ni jambo la wanawake wachache wasomi. "Nahitaji mama atakayesema kwa kinywa chake mbele ya kamati ya bunge," akamwambia shangazi.

"Mimi nisimame bungeni? Mimi wa ndoo na sabuni?"

"Ndiyo, wewe."

Shangazi alikubali, kisha akajuta, kisha akakubali tena. Alikwenda kumwomba baba amsindikize. Baba ni mtu wa kukwepa mabishano. Kwa miaka yote hiyo jibu lake lilikuwa moja, "Sheria ni sheria, dada. Tuvute subira." Siku hiyo pia alisema ataona. Shangazi hakumlaumu. Alitoka bila kumaliza chai.

Siku ya kamati tulikwenda mimi, Chiriku na shangazi. Fundi Saa alibaki nje ya geti kwa sababu kibali chake cha kuishi kilikuwa kimebakiza siku chache. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia, viti vya bluu, chupa za maji mezani. Shangazi alisema maneno yake vizuri. Alipomaliza, mbunge mmoja akaegemea kiti.

"Mama, pole. Lakini wanaume wa hapa walikwisha? Kwa nini hukuolewa nyumbani ukaepuka usumbufu huu?"

Kuna waliocheka. Shangazi akafungua mdomo, akaufunga. Ndipo nikasikia kiti kikiburutwa nyuma kabisa ya chumba. Alikuwa baba. Sijui aliingia saa ngapi. Alikuwa amevaa koti lake la misibani.

"Mheshimiwa, samahani. Mimi ni kaka yake. Mimi nilioa kule kule alikoolewa yeye, na hakuna aliyeniuliza kama wanawake wa hapa wamekwisha." Kicheko kikakatika. "Mke wangu alipewa uraia. Binti yangu alipewa kitambulisho. Binti wa dada yangu ni mkunga aliyefaulu, na anapiga pasi. Sote wawili tumetoka tumbo moja. Kama mama yetu angekuwa hai, ningemwambia nini?"

Mwenyekiti alimwambia akae, kwamba hakuwa kwenye orodha ya wasemaji. Baba akakaa. Lakini maneno yake yaliandikwa, na gazeti moja liliyachapa kesho yake.

Sheria ilipita mwaka na nusu baadaye. Tulisikia kwenye redio ya dobi, mchana. Shangazi alisimama na pasi mkononi, na pasi ikiwa juu ya shati la mwalimu mmoja, mpaka moshi ukapanda. Mwalimu alipoletewa habari alikataa fidia. Anasema lile shati analivaa ndani ya koti, kama kumbukumbu.

Msidhani mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Dirishani fomu ilikuwa ile ile, na kompyuta haikukubali kuendelea bila namba ya baba aliye raia. Tulirudishwa mara tatu. Karani mpya alikuwa na huruma tele. "Sheria naijua, mama, ila mfumo unakataa." Mara ya nne shangazi alitoa nakala ya sheria mkobani, akaketi, akasema hatoki. Akaitwa afisa wa zamu, mwanamke mwenye miwani. Akaisoma ile nakala, akamwondoa karani kitini, akaingiza namba ya shangazi mahali pa baba. Mashine ikanung'unika, ikakubali.

"Ilikuwa rahisi hivyo?" Chiriku akauliza.

"Ilikuwa rahisi siku zote," afisa akajibu.

Chiriku alipata kitambulisho mwezi huo, na leseni miezi miwili baadaye. Siku yake ya kwanza kazini sare alipigiwa pasi na mama yake, ambaye hakuruhusu mtu mwingine aiguse. Jioni Chiriku alirudi akiongea tangu kwenye kona ya barabara. Amezalisha wawili, wa kwanza akitanguliza miguu, na wote wamelia. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya ukoo wetu.

Jumapili hiyo shangazi alisema tunakwenda kushukuru. "Mtu hawezi kula tunda akasahau aliyepanda mti." Tulikwenda kwa mkuu wa chuo, aliyelia. Tulikwenda kwa yule afisa wa miwani, aliyeshangaa, akasema katika miaka yake ishirini pale watu humjia na malalamiko tu. Tulikwenda kwa Mama Wakili, ambaye shangazi alimwambia joho lake litafuliwa bure hadi siku atakayostaafu.

"Asante nimeipokea," Mama Wakili akasema. "Na mumeo je?"

Sheria mpya iligusa watoto tu. Mama yangu alipata uraia kwa kuolewa, lakini mume wa mwanamke hapati kwa kuoa. Fundi Saa ameishi hapa miaka ishirini na saba, na kila baada ya miaka miwili anapanga foleni kuomba ruhusa ya kuendelea kulala na mkewe.

"Tuanze lini?" shangazi akauliza.

Mwisho tulikwenda kwetu, kwa baba, ambako Fundi Saa alikuwa akitusubiri. Shangazi alibaki amesimama mlangoni.

"Kaka, sijakushukuru kwa siku ile."

Baba akaangalia sakafu. "Usinishukuru, dada. Nilikuwa na mdomo huu miaka yote. Nilichelewa."

"Ulichelewa, kweli. Nilikukasirikia sana, sasa nakwambia. Lakini nilipokwama ulisimama, na sitalisahau hilo." Akamshika mkono, na baba akauacha mkononi mwake.

Mama yangu akaleta chai, na safari hii shangazi aliimaliza. Tulipomweleza swali la Mama Wakili, baba akavaa miwani, akaomba karatasi. Alisema maelezo ya kwanza kwa ajili ya waume atayaandika yeye. Akamgeukia Fundi Saa.

"Haya shemeji, ulizaliwa tarehe ngapi?"

Fundi Saa akakuna kichwa. "Mama alisema ilikuwa msimu wa mvua."

"Fundi wa saa mzima hujui siku uliyozaliwa?"

Chiriku alicheka mpaka akamwaga chai, na shangazi naye akacheka, akijifuta machozi kwa kanga. Baba akatikisa kichwa, akaandika "msimu wa mvua," akauliza swali la pili.